Vimelea Havina Haraka

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu nilikuwa nafungua jokofu la nyumbani asubuhi na jioni, si kutafuta chakula, bali kutafuta kipimajoto. Hakikuwamo. Jokofu la nyumbani lina maziwa, nyanya na mfuko wa dagaa, na hakuna mtu anayejali liko nyuzi ngapi. Mume wangu, Baba Kulwa, alinitazama siku kadhaa, kisha akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Nikatoka kwenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Tunakaa Ibadakuli, upande wa kiwanja cha ndege. Nyumba ni tulivu. Mimi si mtulivu. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kusubiri, maana mtu wa maabara ya kuotesha vimelea anasubiri kuliko anavyofanya jambo lingine lolote, na mpaka leo sijajifunza kukaa. Ndiyo maana nimeona niwaandikie ninyi mliobaki kwenye benchi. Sitawaambia nilipandishwa daraja lini. Hayo yako kwenye faili, na hata huko yamekosewa. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na yale ya wodi ya watoto wachanga, ambayo baadhi yenu mmeyasikia nusunusu.

Nilianzia Shinyanga mjini. Chumba cha vimelea kilikuwa cha mwisho kwenye korido, mahali ambapo watu wa hospitali walipita tu kama wamepotea njia. Kilinuka supu iliyolala. Mkuu wake aliitwa Mzee Kayombo, mtu wa Songea, mwembamba, aliyefunga vifungo vyote vya koti lake jeupe hata lile jua la Oktoba linapochoma mabati mpaka yanalia. Nilimwamkia.

"Marahaba," alisema. "Umenawa?"

"Nimenawa nyumbani, mzee."

"Nyumbani kwako hakuna kimelea ninachokiogopa. Hapa vimo. Kanawe tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kunikaribisha. Kisha akanipa lupu, ule waya mwembamba wenye kitanzi mwishoni, akanionyesha moto wa spiriti. Unauchoma waya mpaka uwe mwekundu, unauacha upoe, ndipo unagusa sampuli. Kwa muda mrefu hakuniruhusu kufanya jambo lingine. Nilichoma, nikapoza, nikachoma, nikapoza, huku miguu inanicheza chini ya meza kwa kutaka kusogea mbele.

"Ukigusa sampuli kwa waya ulio bado wa moto," aliniambia, "umemuua shahidi kabla hajasema."

Kazi yenyewe ni rahisi kumweleza mtu asiyeijua. Unachukua usaha, mkojo au damu ya mgonjwa. Unaotesha kilichomo kwenye sahani yenye chakula cha vimelea, kilichoganda kama supu ya kongoro iliyopoa. Kimelea kikishaota, unakichota kikiwa peke yake, unakikoroga kwenye maji ya chumvi, unayapaka maji hayo juu ya sahani nyingine safi, kisha unapanga juu yake vijiduara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Unairudisha sahani kwenye joto la mwili wa mtu. Kesho yake unasoma. Dawa inayofaa inakuwa imejizungushia uwanja mtupu, kimelea hakikuthubutu kuota pale. Dawa isiyofaa, kimelea kimeota mpaka kwenye karatasi, kimeiegemea kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake. Unapima upana wa uwanja kwa rula na kulinganisha na jedwali. Basi.

Ugumu uko kwenye mambo madogo, na Mzee Kayombo aliishi ndani ya mambo madogo. Chakula kikimiminwa kinene kwenye sahani, uwanja unasinyaa na dawa nzuri inaonekana mbaya. Kikiwa chembamba, dawa mbaya inajifanya nzuri. Maji ya chumvi yakiwa na ukungu mzito, umepeleka jeshi kubwa mno. Yakiwa mepesi, umepeleka watu wawili na fimbo. Alikuwa anashika kichupa mbele ya kadi yenye mistari myeusi, anakunja jicho moja, anaongeza tone, anatazama tena. Nilikuwa nasimama nyuma yake natamani kumsukuma.

Na kila siku alipima kimelea tunachokijua, kilichohifadhiwa kwa kazi hiyo tu, ambacho viwanja vyake vinafahamika. Kikitoka tofauti na kawaida yake, basi kuna kitu kimeharibika siku hiyo, chakula au dawa au mkono wako, na majibu yote yanatupwa. Nilishuhudia akitupa kazi ya kutwa nzima. Daktari wa upasuaji alikuja mlangoni anafoka, mgonjwa wake anangoja.

"Daktari," Mzee Kayombo akasema bila kunyanyua sauti, "jibu ninaweza kukupa sasa hivi. Unataka la sasa hivi au unataka la kweli?"

Yule daktari aliondoka amevimba. Mimi nilikuwa upande wa daktari, moyoni. Siku zote nimekuwa upande wa yule anayetaka jibu sasa hivi. Nadhani ndiyo sababu mzee alinishikilia sana.

Tulikuwa pia na kondoo. Sahani za damu zinatengenezwa kwa damu ya kondoo, na wetu alifungwa nyuma ya jengo la kufulia, akila majani aliyotakiwa kula na mashuka asiyotakiwa. Siku ya kumtoa damu wote tulijifanya tuna kazi nyingine. Alikuwa na nguvu kuliko idara nzima.

Mzee Kayombo alipostaafu na kurudi kwao Songea, mimi nilihamishiwa hospitali moja ya huko kwenye ukanda wa dhahabu, nisiyoitaja jina, kwenda kuanzisha benchi kama lake. Nilifika nikakuta chumba, sinki na inkyubeta, lile kasha la joto la kuoteshea, iliyokuwa inatunza soda za wafanyakazi. Tulianza hivyo hivyo.

Huko ndiko nilikoona usugu wa dawa unavyozaliwa. Wachimbaji wadogo wanaumia kila siku, na kati ya duara, yaani shimo la dhahabu, na hospitali, kuna maduka ya dawa mengi. Kijana mmoja aliyeitwa Shija, mwanaapolo, mmoja wa wale wanaoshuka shimoni kwa zamu, aliletwa kutoka machimbo ya karibu na Masumbwe. Jiwe lilikuwa limempasua goti kushuka chini. Nilikwenda mwenyewe wodini kuchukua usaha, nikakuta kidonda kina unga na vipande vya maganda mekundu na meusi.

"Nini hiki?" nikamuuliza.

"Rangi mbili, mama." Vidonge vile vyenye ganda la rangi mbili, kila mtu anavijua. "Nyingine nimekunywa, nyingine nimefungua nikamwagia."

"Ulikunywa mpaka lini?"

"Mpaka maumivu yalipopungua. Zilizobaki nikampa mwenzangu, ana kikohozi."

Sahani ya Shija ilitoka kama nilivyoogopa. Kimelea kilikuwa kimeegemea karibu karatasi zote. Ilibaki dawa moja ya maana yenye uwanja mpana, na dawa hiyo tulikuwa nayo stoo. Nilikimbia na jibu wodini. Kitanda kitupu. Wenzake walimtumia ujumbe kuwa shimo limefika kwenye mwamba wenye mali, na zamu ikipita imepita. Amekwenda na mguu wake.

Muuguzi akaniambia nimwekee jibu, huenda atarudi. Nikajaribu kuliweka. Nikarudi maabara, nikakaa, nikasimama, nikaosha vioo vilivyokwisha oshwa. Kesho yake gari la chanjo lilikuwa linaelekea Masumbwe. Nikaomba nafasi nyuma, katikati ya maboksi.

Nilimkuta kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, amekaa kwenye gunia, mguu umefungwa kipande cha kanga. Alinitambua, akataka kusimama, akashindwa.

"Mama, umenifuata mpaka huku? Nina kesi?"

"Huna kesi. Una jibu."

"Linasemaje?"

"Linasema dawa uliyomwagia, wadudu wako wanaila kama ugali. Imebaki moja wanayoiogopa, nayo iko hospitali. Ukingoja mali itoke, utaitumia ukiwa na mguu mmoja."

Wenzake walikuwa wamezima mashine wanasikiliza. Shija alitazama shimo, akatazama gari. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa achague mtoto.

"Mwamba huu nimeutafuta toka masika, mama."

"Najua."

"Hujui," alisema, si kwa ukali. Kisha akamgeukia mmoja wao. "Niletee shati langu."

Mguu ulipona, likabaki kovu. Mali haikutoka, lakini hilo wanaapolo wenyewe watawaambia ni jambo la kawaida. Tangu hapo, kila alipoona mtu anachechemea kule machimboni, alimwelekeza kwa "Mama Sahani". Jina hilo lilinishika mpaka kwenye vikao vya hospitali.

Sasa wodi ya watoto wachanga.

Daktari Fadhili alikuwa kijana wa Tanga, msomi kweli, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuja maabara mwenyewe badala ya kutuma mtu. Siku hiyo alikuja na chupa ya damu mkononi, ameishika kama yai.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Nina mtoto wa tatu ambaye hanyonyi, amepoa, tumbo limejaa. Nimempa dawa za kawaida. Nimepandisha kwenye ile sindano ya nguvu. Hakuna kitu. Wawili waliotangulia nao walianza hivi hivi."

"Wawili wako wapi?"

Akanikabidhi chupa kwa mikono miwili, na nikaelewa kuwa hawapo tena.

Damu ya mtoto mchanga unaitia kwenye chupa ya mchuzi, yaani chakula cha vimelea cha majimaji, unaiweka kwenye joto. Ikiwa na kimelea, kesho yake mchuzi unachafuka. Unachota tone, unaotesha kwenye sahani, unangoja siku nyingine. Hapo ndipo unapata kimelea safi cha kupima dawa, nacho kinataka siku nyingine tena. Ni siku tatu hizo, na mtoto wa uzito wa kuku hana siku tatu.

Asubuhi iliyofuata, mchuzi ulikuwa umechafuka. Nilipofungua mlango nimwite Daktari, nikamkuta mama mmoja amekaa chini kwenye korido, amenyoosha miguu, macho kwenye mlango wangu. Aliitwa Minza, kutoka Segese. Mume wake alikuwa machimboni. Walimwambia wodini kuwa damu ya mtoto wake imekwenda kwenye chumba kile, naye akaifuata.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "wewe ndiye mwenye damu ya ng'wana wane?"

"Ndiyo, mama. Damu ya mwanao iko kwangu."

"Unaifanyia nini?"

"Naotesha wadudu waliomo."

"Unawaotesha? Kwa nini usiwaue?"

"Nataka nijue kinachowaua ni nini. Nikiwaotesha, watanionyesha."

"Lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kimya kwa vidole vya mkono wa kushoto, akavikunja.

"Mtoto wangu hawezi kungoja wadudu," alisema.

Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikazunguka benchi. Ipo njia ya mkato: unachukua ule mchuzi uliochafuka, unaupaka moja kwa moja kwenye sahani ya dawa bila kungoja kimelea safi. Unaokoa siku nzima. Lakini hujui idadi yake, hujui kama ni aina moja au mbili, na kila nilichofundishwa kilikuwa kinanikataza. Nikampigia simu Mzee Kayombo, Songea. Alipokea kwenye shamba lake la mahindi, nikasikia mtu analima karibu yake.

Nikamweleza.

"Mchuzi umeuangalia kwenye hadubini?"

"Nimeuangalia. Vijiti vyekundu, aina moja tu, mzee."

"Basi weka. Na kesho weka tena kwa njia ya haki, ulinganishe. Lakini jibu la kwanza ulipe jina lake. Mwambie daktari ni la awali, asije akalivisha koti la kweli."

Niliweka. Katikati nikaweka karatasi ya dawa yenye kiungo kinachozuia silaha ya kimelea, na pembeni mwake, pande zote mbili, zile sindano za nguvu. Kama kimelea kina silaha hiyo, kimeng'enya kinachozitafuna sindano hizo, uwanja wa kila sindano unavutwa kuelekea katikati, unakuwa na umbo la tundu la funguo. Ukiliona umbo hilo mara moja hulisahau.

Jioni, kabla sijaondoka, umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji na wodi hiyo hiyo ya watoto, na sikuwa na uso wa kuomba waya wa sahani zangu wakati watoto wanahitaji joto. Nikachukua boksi la kubebea chanjo, nikajaza chupa za maji moto kutoka jikoni kwa wapishi, nikaweka sahani katikati na kipimajoto juu. Likipoa, nabadilisha chupa. Minza akanikuta nabeba birika.

"Unawapikia?" akauliza.

"Nawapasha moto."

"Wadudu?"

"Wadudu."

Akalitazama lile birika, akalichukua mkononi mwangu bila kusema, akalibeba mpaka mlangoni. Watu hucheka wakisimuliwa jambo hili. Yeye hakucheka. Umeme ulirudi kabla maji hayajapoa mara ya pili.

Asubuhi nilisoma sahani nikiwa nimesimama. Tundu la funguo lilikuwepo, pande zote mbili. Dawa zote za wodini zilikuwa zimeegemewa mpaka ukingoni. Mbili tu zilikuwa na uwanja, na moja yake ilikuwa na uwanja mpana safi. Daktari Fadhili alikuwa pembeni yangu.

"Ni la awali," nilimwambia.

"Nimesikia. Ni la awali." Alikuwa ameshashika simu. Stoo yetu haikuwa na dawa hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwa Mwanza limepeleka mtu. Likarudi nayo mchana.

Mtoto wa Minza alichomwa dawa hiyo, na wenzake waliokuwa na dalili zile zile. Watoto wengine hawakuiwahi. Nawataja hapa kwa sababu hakuna mahali pengine wanapotajwa. Walikuwa bado hawajapewa majina.

Sahani ya njia ya haki, kesho yake, ilikubaliana na ile ya awali. Mtoto wa Minza alianza kulia kwa sauti, na wauguzi walikimbilia kumsikiliza kana kwamba anaimba.

Lakini mimi sikutulia. Damu za wenzake nazo nilikuwa nimeziotesha; nilipanga sahani za watoto wote mezani, nikaona zimefanana. Viwanja vile vile, upana ule ule, umbo lile lile. Watoto wa mama mbalimbali, kutoka vijiji mbalimbali, hawawezi kuwa na kimelea kimoja isipokuwa wamekipata mahali pamoja. Kilikuwa wodini, na kilikuwa bado kimo.

Msimamizi wa wodi aliitwa Sista Magdalena, mama mzima, mtu wa Ukerewe, ambaye sakafu yake ungeweza kulia chakula. Nilipoingia na pamba zangu za vijiti alinizuia mlangoni.

"Umekuja kupima wodi yangu, au umekuja kunipima mimi?"

"Wodi, Sista."

"Wodi hii ni mimi."

Daktari Fadhili aliingia kati, akasema lazima kuna kitu chenye majimaji, vimelea hivi vinapenda unyevunyevu. Sista akatupisha. Nilipaka pamba mirija ya kunyonya makohozi, sinki, mabomba, vitanda vya joto, vikombe vya kulishia, viganja vya kila muuguzi, vyake pia. Vya kwake alivinyoosha akitazama dirishani.

Hakuna kilichoota ambacho kilifanana. Sahani baada ya sahani, vimelea vya kawaida tu. Na siku hiyo hiyo mtoto mwingine akaanza kupoa. Sikumbuki kama nilikula. Nakumbuka nilikuwa naongea peke yangu mpaka mfagizi akaniuliza naongea na nani.

Kisha Sista Magdalena akaja maabara. Hakuwa amewahi kuingia pale. Alikuwa ameshika chupa ya sabuni ya maji, ile inayokaa juu ya sinki la wodi.

"Umepaka pamba kila mahali," alisema. "Hii hukuipima."

"Hiyo ni sabuni, Sista."

"Ni sabuni. Ikipungua tunaongeza maji ili isogee. Ikipungua tena tunamimina nyingine juu yake. Chupa yenyewe haijawahi kumalizika ikaoshwa. Nimeamka na wazo hilo kichwani, nimeshindwa kunywa chai." Aliiweka kwenye benchi, lakini vidole vyake havikuiachia mara moja.

Tuliotesha. Kesho yake aliwahi kabla yangu, akangoja nimfungulie. Sahani ilikuwa imejaa. Sikuwa na haja ya hadubini, lakini niliitumia. Sikuwa na haja ya kupima dawa, lakini nilipima, na siku iliyofuata tundu la funguo lilikuwa pale pale, kila uwanja na upana wake. Sista aliinama juu ya bega langu akalitazama.

"Kwa hiyo tulikuwa tunanawa," alisema polepole, "ndipo tunawashika."

Daktari Fadhili , aliyekuwa nyuma yetu, alivua miwani akaifuta. Sista alikaa kwenye kiti changu, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama si yake. Nilimwekea maji ya kunywa. Hakuyagusa. Kisha akasimama, akanyoosha sare, akarudi wodini.

Chupa zote zilichomwa. Ikaja sabuni ya mche, iliyokatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye kisahani kinachochuja maji, na spiriti ya mikono mlangoni. Na mlangoni akawa yeye. Hakupita mtu bila kunawa mbele ya macho yake. Alikuja kiongozi mmoja na msafara wake kutembelea hospitali. Msafara mzima ulipanga foleni kwenye sinki, na yule kiongozi akarudishwa kwa sababu alivaa saa. Sista Magdalena hakuwahi tena kuniita kwa jina la kazi. Alianza kuniita "dada", na kila Jumatatu aliniletea mwenyewe vichupa vya kupima kutoka wodi yake bila kuombwa.

Chupa za damu zikaanza kubaki safi. Kwenye kazi yetu hakuna kitu kizuri kama mchuzi ambao haujachafuka, wala hakuna anayekuja kukupongeza kwa ajili yake.

Minza aliondoka na mtoto mgongoni, amepita kuniaga. "Wabeja, mayu," alisema, asante, na akageuka ili nimwone mtoto. Nilimuuliza jina.

"Bado. Bibi yake yuko Segese, ndiye atakayempa."

Nimesikia wenzetu wanaotarajia mtoto apewe jina lao. Mimi nilitarajia tu apewe.

Siku hizi mna mashine. Unaitia chupa ndani, inakupigia kelele yenyewe mchuzi ukichafuka, na ipo nyingine inayosoma usugu kwa saa chache. Nimezitumia na nimezipenda; hakuna aliyezipenda kuliko mimi. Lakini umeme ukikatika au kemikali zikichelewa bandarini, mtarudi kwenye sahani, rula na macho yenu. Msiache mashine wala sahani zikae muda mrefu bila kupimwa kwa kimelea mnachokijua. Na mkipata jibu, lifuateni mpaka lifike kwa mwenyewe. Jibu lililobaki mezani halijamtibu mtu.

Mwaka huu, baada ya mimi kuondoka kazini, Baba Kulwa aliugua. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume, ikaingia homa, akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Tulimpeleka hospitali, wakachukua mkojo na damu. Nikajikuta nimekaa kwenye korido, upande usio wangu wa mlango wa maabara. Rehema, binti niliyemfundisha mwenyewe kuchoma lupu, na ambaye sasa ndiye mwenye benchi hapo, alitoka mara kwa mara kunisalimia, nami kila mara nilimuuliza kama amepima kimelea cha kulinganisha.

"Nimepima, mama."

"Viwanja vyake viko sawa?"

"Viko sawa. Mama, nenda ukanywe chai."

Sikwenda. Nilitembea ile korido huku na huku mpaka mlinzi akaniletea kiti nisichokikalia. Jibu lilipotoka, Rehema aliniletea sahani yenyewe, ingawa utaratibu hauruhusu. Nililiona lile umbo. Ilibaki dawa moja tu ya sindano, ya kuchomwa kila siku mpaka daktari aridhike.

Ilimfaa. Homa ilishuka, akaanza kula, akaanza kulalamika kuwa ugali wa hospitali ni laini, nikajua amepona nusu. Wakamruhusu awe analala nyumbani na kwenda kuchomwa asubuhi. Asubuhi moja aliketi kitandani, akajinyoosha, akapiga kifua chake kwa kiganja.

"Mama Kulwa, mimi sasa ni mzima. Hizi sindano zilizobaki za nini? Tuziache."

Nilisimama katikati ya chumba. Miaka yote hii mtu huyu amelala ubavuni mwangu, amenisikia nikiongea usingizini habari za viwanja na ukungu. Maneno yalinijaa kinywani, ya Shija na rangi mbili zake, ya watoto wasio na majina. Sikuyasema. Niliinama, nikatoa viatu vyake chini ya kitanda, nikaviweka mbele ya miguu yake.

"Vaa."

Alivaa kimoja, akaniangalia usoni kuona kama nitabadili mawazo. Kisha akavaa na cha pili.